Jirani Tusiyemwona Uso

Somo: Waraka wa Yakobo, mlango wa 3, aya ya 2 hata ya 12.



Twawaomba kwanza mfungue Vitabu vyenu mkazisome aya tulizozitaja hapo juu, kwani hatutaziandika hapa. Mtaona kwamba Yakobo aeleza habari za ulimi kwa mifano: lijamu katika kinywa cha farasi, usukani mdogo ugeuzao merikebu kubwa, na cheche ya moto iteketezayo mwitu. Kisha ataja jambo la kustaajabisha zaidi, ya kuwa wanadamu wameweza kuwafuga wanyama wa kila namna, walakini ulimi wao wenyewe umewashinda. Yakobo aliyaandika hayo zamani zile ambapo mtu akitaka kumtukana mwenziwe hana budi kumfikia, au kumpelekea waraka kwa mkono wa mjumbe. Siku hizi ulimi umeota vidole. Mtoto aketi chumbani mwake pale Moshi au Bukoba, agusa simu yake mara chache, na kabla hajameza mate neno lake limekwisha kusomwa na mtu aliyeko Brazil. Twataka kunena habari za mahali pamoja ambapo ulimi huu wa vidole hauna usiku wala mchana, napo ni katika michezo ya mtandao, ile ichezwayo na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa nyumbani kwake, katika nchi zilizo mbali mbali.

Wazee wengine watasema, Mambo hayo ni ya watoto, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu watoto hao ni wale wale tuliowaleta katika ubatizo, na baada ya miaka michache husimama mbele ya madhabahu siku ya kipaimara na kukiri kwa vinywa vyao wenyewe. Kinywa ni kile kile.

Michezo ya namna hii si mipya kama wengi wanavyodhani. Mmoja wa ile ya kwanza ulitungwa mwaka 1978 na vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, nchi ya Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Picha hazikuwamo, mchezaji alisoma maneno na kujibu kwa maneno. Leo picha zimejaa, na wachezaji ni mamilioni. Ili msomaji asiyeijua apate kuelewa, tutautwaa mmoja tu, uitwao League of Legends, uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Riot Games ya Marekani. Watu watano hupambana na watu watano. Kila mmoja huongoza shujaa wake, na kila upande hujitahidi kuibomoa ngome ya upande wa pili, kazi ya nusu saa hivi. Mara nyingi watano hao hawajuani. Ni mashine iliyowakusanya. Lakini hakuna awezaye kushinda peke yake, na mmoja akikosea, wote wanne waliobaki huumia. Na hapo ndipo hasira inapoanzia. Mmoja huandika, Wewe mpumbavu, ufute mchezo ukalale. Mwingine hutukana kabila la mtu, au rangi yake, au mama yake. Wako na wale ambao humwambia mwenzao ajiue. Someni tena Mathayo mlango wa 5, aya ya 22, mkaone Bwana wetu aliyaweka wapi maneno kama hayo.

Katika sharika zetu wako wanaosema dawa yake ni moja, yaani kuikataza michezo yenyewe. Sisi hatukubali. Mtu aliyepata kuketi karibu na wachezao bao ajua kwamba hata pale maneno hayakosekani. Mshindi humtania mshinde, na mshinde hujibu, na mara nyingine hujibu kwa ukali. Lakini chini ya mwembe yapo mambo matatu yanayoulinda ulimi. Uso wa mwenzako unauona, nawe waona neno lako lilivyomchoma. Wazee wameketi pale, nao watakukohoa ukipita mpaka. Tena kesho utahitaji jembe la mtu yule yule uliyemtukana leo. Katika mchezo wa mtandao uso haupo, wazee hawapo, na kesho mashine itakuletea watu wengine wanne usiowajua. Mchezo haukuumba uovu moyoni mwa mtu. Uliziondoa nyua tu, na yaliyokuwa ndani yakatoka nje.

Basi wenye michezo walifanyaje? Jambo hili limetuvuta sana, maana watu wale hawakuanza kwa Maandiko, walakini njiani walikutana na mambo ambayo Kanisa limeyafundisha tangu zamani.

Kwanza waliweka baraza. Mwaka 1011 si mwaka wa habari hizi. Tunasema habari za mwaka 2011, ambapo katika League of Legends wachezaji walipewa kazi ya kuwahukumu wachezaji wenzao. Mtu akishitakiwa mara nyingi, maneno yake aliyoyaandika yaliwekwa mbele ya wenzake, nao wakapiga kura aadhibiwe au asamehewe. Baraza hilo lilidumu hata mwaka 2014. Wakati huo mtaalamu mmoja wa mambo ya akili, Jeffrey Lin, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ile, yeye na wenziwe wakaanza kuchunguza matusi yatoka kwa nani hasa. Bila shaka walidhani, kama sisi sote tungalivyodhani, ya kuwa liko kundi la watu wabaya, na hao wakifukuzwa wengine watakaa kwa amani. Hawakuona hivyo. Waliona kwamba watu walio wabaya siku zote ni kama 1 katika kila 100. Nao, kwa ubaya wao wote, walileta kama sehemu 5 tu katika kila 100 za maovu yaliyotendwa. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka kwa watu wa kawaida, wanaocheza vizuri siku nyingi, ila siku ile walikuwa wamechoka, au wamegombana nyumbani, au wameshindwa mara tatu mfululizo.

Ndugu wapenzi, tusiipite habari hii upesi. Kila mtu akisikia ya kwamba matusi yamezidi mtandaoni, humwona moyoni mtu mwingine: kijana wa jirani, au watu wa nchi fulani, au wale wasiosali. Hesabu hii yatuambia kwamba tukiwang'oa magugu wote tuwajuao, shamba litabaki karibu vile vile lilivyokuwa. Bwana alituonya katika Mathayo mlango wa 13 tusiwe na haraka ya kung'oa, na kwa kawaida twaeleza kwamba ni kwa sababu ngano na magugu vyafanana. Hapa twaona sababu nyingine, kwamba ngano yenyewe, siku ya jua kali, hutoa miiba. Mtume Paulo alilisema jambo hili kwa Warumi mlango wa 3, aya ya 23, wala hakumtoa mtu hata mmoja. Mkristo aendaye kwenye Meza ya Bwana siku ya Jumapili ndiye huyo huyo ambaye Jumatatu usiku, bando likikaribia kwisha na mwenzake akikosea, vidole vyake huandika neno ambalo asingethubutu kulitamka mlangoni pa kanisa. Luther alifundisha ya kuwa Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Waalimu, mkitafuta mfano wa kuwafafanulia vijana fundisho hilo, msiende mbali.

Jambo la pili walilolifanya lilikuwa dogo sana. Hapo kwanza mchezaji aliweza kuwaandikia maneno wapinzani wake bila kizuizi. Wakaufunga mlango ule, lakini hawakuutia kufuli. Atakaye aliweza kuufungua mwenyewe kwa kugusa mahali fulani. Baada ya juma moja walipima. Maneno mabaya yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya 30 katika kila 100, na maneno mema yameongezeka kwa kama 34 katika kila 100, na mazungumzo yenyewe hayakupungua sana, maana wengi waliufungua mlango wakaendelea kusemezana. Mtu hakukatazwa kitu. Ila kati ya hasira na neno pamewekwa kizingiti kimoja kidogo, na watu wengi walipofika kwenye kizingiti wakajiona, wakarudi. Daudi katika Zaburi ya 141 alimwomba Bwana mlinzi wa kinywa chake. Twadhani hakuomba malaika mwenye upanga. Hata bawabu mzee mwenye kuuliza, Waenda wapi? angemfaa.

Tatu, na hapa twataka wazee wa kanisa wasikilize hasa. Watu waliofungiwa mchezo kwa makosa yao waligawanywa. Wengine waliambiwa namna ya kosa tu, ya kwamba wametukana; nusu yao hawakurudia kosa la kustahili adhabu katika miezi mitatu iliyofuata. Wengine waliletewa maneno yao wenyewe waliyoyaandika, pamoja na hukumu ya wenzao, wayasome. Hao waliojirudi walifika 65 katika kila 100. Jarida la wataalamu liitwalo Nature lilizieleza habari hizi mwaka 2016. Basi tazameni: adhabu ilikuwa moja, tofauti ni kwamba mkosaji alionyeshwa kosa lake waziwazi. Nathani hakumwambia mfalme Daudi kwamba amevunja amri, akaenda zake. Alimwekea habari yote mbele ya macho hata mfalme akajihukumu mwenyewe. Na Bwana, katika Mathayo mlango wa 18, alituagiza tumwendee ndugu yetu tukamweleze kosa lake tukiwa sisi na yeye peke yetu. Lakini katika sharika nyingi mtu hutengwa, jina lake husomwa, na yeye mwenyewe hapati kuketi na mzee hata mmoja akaelezwa ni neno gani alilolisema, siku gani, na lilimwumiza nani. Kisha twashangaa akirudi na moyo mgumu kuliko aliokwenda nao. Ikiwa wenye kuuza michezo wameona faida ya kumweleza mtu kosa lake, sisi tulioagizwa tumekawia kwa nini?

Sasa twafika kwenye neno kubwa la habari hii. Hayo yote yalikuwa ya kuzuia maovu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2012 kampuni ile ilianza na upande wa pili, ikawapa wachezaji njia ya kusifiana mchezo ukiisha. Mtu aliweza kumshukuru mwenzake kwa upole wake, au kwa kuwa alisaidia, au kwa kuwa alifanya kazi vema na kundi. Hata mpinzani aliyecheza kwa heshima aliweza kusifiwa na watu aliowashinda. Mwaka 2018 mchezo mwingine, Overwatch wa kampuni ya Blizzard, uliweka mpango wa jinsi hiyo. Na mwaka huo huo kampuni nyingi za michezo zilifanya chama kimoja kiitwacho Fair Play Alliance, ili zishauriane jinsi ya kuwaelekeza wachezaji kwenye mwenendo mwema. Wameona kwamba kumpiga mbwa kwa sababu amekula kuku hakumfundishi kulinda mji.

Mwenye Katekisimo Ndogo atakumbuka kwamba Luther, alipoieleza mwaka 1529, hakutosheka na neno "usi-". Akieleza amri ya tano, asema kwanza tusimwumize jirani mwilini. Kisha hugeuka mara moja na kusema jambo tutakalomtendea, tumsaidie katika kila shida ya mwili. Na amri ya nane ndivyo. Haitoshi kwamba hatukumsingizia mtu. Yatupasa kusimama upande wake anaposemwa, kutafuta la kumsifu, na tendo lake lenye mashaka kulihesabu kuwa jema mpaka tujue hakika. Watoto wetu hukariri maneno hayo yote, lakini ukiwauliza amri ya nane yasemaje, watajibu, Usiseme uongo, na kuishia hapo. Nusu ya pili imepotea njiani.

Ebu tuipeleke nusu hiyo ya pili mchezoni. Mwenzako amesimama pale pale katikati ya vita, hatembei, na adui wanamwua. Wewe wajuaje kwamba ni mzembe? Labda mama yake amemwita. Labda mtoto analia. Sisi wa Afrika Mashariki ndio hasa wa kujua kwamba umeme hukatika na bando huisha pasipo kuaga, na yakitupata twataka wote watuhurumie. Lakini yakimpata mtu wa Misri au Uturuki twamwita mpumbavu. Luther angetuambia, Lielekeze jambo lake upande ulio mwema. Neno fupi kama, Haidhuru, tuendelee, lina vidole vichache kuliko tusi.

Hapa hatuna budi kutia onyo. Sifa zikiwekewa malipo huoza. Katika Overwatch mtu aliyesifiwa mara nyingi alipanda daraja, na waliodumu katika daraja za juu walipewa zawadi. Hata yeye aliyetoa sifa alipata nyongeza kidogo. Basi wako waliosifu ili wapate. Someni Mathayo mlango wa 6, mwanzo wake. Hatusemi kwamba mpango ule ni mbaya. La, amani ya nje ni kipaji cha Mungu, na sheria iwazuiayo watu wasiumizane ni ya Mungu ajapoisimamisha kwa mkono wa mtu asiyemjua. Wazee wetu wa imani waliiita hiyo kazi ya kwanza ya sheria. Illa tusiichanganye na Injili. Kampuni yaweza kufanya kijana anyamaze. Moyo mpya haiwezi kumpa, wala haikuahidi. Kijana wa Kikristo amekwisha kukubaliwa bure katika ubatizo wake. Kwa hiyo aweza kumpa sifa mtu ambaye hatamlipa kitu, hata mpinzani aliyemshinda, naye asihesabu.

Uko mchezo mwingine ambao historia yake yafaa kuhubiriwa. Waitwa Journey, maana yake Safari, ulitolewa mwaka 2012, na mwongozi wa watungaji wake ni Jenova Chen, mzaliwa wa Shanghai. Mtu husafiri jangwani kuuelekea mlima, na njiani hukutana na msafiri mwingine ambaye ni mtu kweli, aliyeko nchi nyingine. Walipokuwa wakiujaribu, watungaji waliwapa wachezaji uwezo wa kusukumana, wakitumaini kwamba watasaidiana kupanda mahali pagumu. Kumbe watu walisukumana mashimoni! Chen alihuzunika, akamwendea mjuzi wa mambo ya watoto, akaelezwa kwamba mtu aingiapo katika ulimwengu mpya huwa kama mtoto mchanga: hufanya lile liletalo mshindo mkubwa, na kumsukuma mtu shimoni kuna mshindo kuliko kumsaidia. Basi wakauondoa uwezo wa kusukumana. Wakafanya kwamba wasafiri wawili wakigusana, kila mmoja humwongezea mwenzake nguvu ya kuruka. Maneno hayamo, ila mlio kama wa kengele wa kuitana. Na majina ya wenzako wa njiani huyaona mwisho wa safari tu. Watu wale wale waliosukumana sasa walingojana. Tunawasihi wazazi na waalimu waifikiri habari hiyo, kwani na nyumbani kwetu mtoto hutambua upesi ni tendo gani liletalo mshindo. Akivunja kikombe, nyumba nzima huja. Akimbebea mdogo wake maji, nani amegeuka kumtazama?

Lakini habari iliyotugusa kuliko zote ni ya kijana wa Norwei, nchi ambayo watu wake wengi ni wa Kanisa la Kilutheri kama sisi. Jina lake Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli kidogo kidogo, hata akaishi katika kiti cha magurudumu, na mikono yake ikabaki na nguvu chache sana. Muda wake mwingi aliutumia katika mchezo uitwao World of Warcraft, ambamo aliitwa Ibelin, naye humo alikuwa mtu mwenye mwili wa nguvu, akikimbia. Alikufa mwezi wa Novemba mwaka 2014, mwenye umri wa miaka 25. Wazazi wake walilia kwa mambo mawili: kwamba mwana wao amekufa, na kwamba, kama walivyodhani, amekufa pasipo rafiki. Baba yake akaandika tangazo la kifo mahali ambapo Mats alikuwa akiandika habari zake, akaweka na anwani. Barua zikaanza kuja. Zilitoka katika nchi nyingi, za watu walioandika jinsi Ibelin alivyowafariji, alivyowasikiliza. Mama mmoja wa Denmark alieleza jinsi kijana huyo alivyomsaidia kuelewana na mwanawe, ambaye ilikuwa vigumu kumkaribia. Siku ya maziko huko Oslo walikuja rafiki wa mchezo kutoka nchi za ng'ambo, watu ambao hawajapata kumwona uso. Mwaka 2024 habari zake zilitolewa katika filamu iliyotengenezwa na Benjamin Ree. Filamu haikumfanya malaika. Yaonyesha pia kwamba ziko siku alizowaumiza rafiki zake kwa maneno, wakapatana baadaye.

Kwa muda mrefu wachezaji wenzake hawakujua ugonjwa wake, kwani aliuficha. Basi fikirini mtu aliyemwona Ibelin akichelewa siku moja, akaandika, Huna mikono wewe? Tusi hilo ni la kila siku katika michezo. Vijana huliandika bila kufikiri, wala hawaoni uzito wake. Nasi hatujui ni mara ngapi limemfikia mtu ambaye kweli mikono yake inakufa. Bwana asema katika Mathayo mlango wa 25 kwamba hao watakaoulizwa siku ile watajibu ya kuwa hawakumwona. Jibu hilo halikuwafaa.

Waalimu wa kipaimara, mtakapofika amri ya tano na ya nane, ulizeni vijana wenu wacheza mchezo gani, na wenzao ni akina nani. Msiulize kwa sauti ya polisi, hawatawaambia. Waambieni kila mtu aandike karatasini, pasipo jina lake, neno baya aliloambiwa mchezoni. Kisha upande wa pili neno jema aliloambiwa. Mtaona upande mmoja umejaa. Zungumzeni hayo. Wafundisheni kuwasalimu wenzao mchezo unapoanza, kwani hata mgeni apitaye njiani twamsalimu. Na kijana aonapo mwenzake anatukanwa, asinyamaze kama yule kuhani na yule Mlawi. Neno moja la mtu wa tatu, Mwache, anajitahidi, mara nyingi latosha kuuzima moto.

Tumeulizwa pia kama kumshitaki mtu kwa wenye mchezo ni kumchongea. Siyo, ikiwa ni kweli. Amri ya nane haikatazi ushuhuda, yakataza ushuhuda wa uongo. Ila twajua kwamba wengi wakishindwa humshitaki mwenzao aliyecheza vibaya, wakidai ametukana, na kumbe hakuandika hata neno. Huo ndio uongo wenyewe ambao Musa aliletewa kwenye mbao za mawe, hata ukifanywa kwa kugusa kioo mara mbili. Tena yeye atukanwaye ana ruhusa ya kumzima yule mtu asisikie maneno yake tena. Bwana alituagiza kugeuza shavu, hakutuagiza kuketi usiku kucha tukisoma matusi. Lakini mtu mzima akimwomba mtoto picha, au akimtisha, hapo si habari ya uvumilivu tena; mtoto amwambie mzazi wake usiku ule ule, na mzazi aende polisi.

Kijana mmoja wa darasa letu alituuliza jambo ambalo hatukulitazamia. Alisema kuna mtu ambaye hucheza naye kila Ijumaa, na juma lililopita mtu huyo aliandika kwamba baba yake ni mgonjwa sana. Jina lake la kweli halijui, wala nchi yake, wala dini yake. Mchezoni ajiita Chui Mweusi. Je, ni halali kumwombea kanisani kwa jina kama hilo? Tulimjibu kwamba Mungu anajua ni nani, naye aombe kwa jina alijualo. Jumapili ile, wakati wa maombi ya washarika, alisimama akamtaja. Wazee wawili waligeuka kumtazama, kisha wakainamisha vichwa.